Friji Limepona, Sasa Mimi Nitaponaje?

Mpendwa Mama Kamshat wa ukurasa wa Nyumba na Vyombo,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie, na nakuomba usicheke, maana barua hii inahusu friji, si mapenzi, ni friji kweli, lenye milango miwili, friza iko chini na ina droo tatu, na shida yake ni kwamba linaota barafu, tena si ile ya kupangusa kwa kitambaa, ni barafu nene kama godoro la mtoto, inaanzia kwenye ukingo wa mlango, juu, inashuka mpaka droo haivutiki, nikiiyeyusha leo haipiti muda imerudi, na hii ni kila majira ya baridi, mwaka wa tatu sasa, halafu ikifika Juni inaacha yenyewe na fundi aliyekuja mwisho ndiye anayepata sifa.

Mafundi wamekuja. Wa kwanza alisema gesi, akaongeza gesi. Wa pili alisema raba ya mlango imechoka, akaweka mpya, barafu ikaja ikaota juu ya raba mpya. Wa tatu alikunywa chai yetu bakuli baada ya bakuli, akagongagonga friji ubavuni kama daktari wa ng'ombe, akasema tatizo ni umeme wa mji wetu, Taldikorgan. Mimi mwenyewe nimechokoa barafu kwa kisu, nimezungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho nikidhani baridi ikizidi barafu itaogopa, sijui nilifikiria nini. Mume wangu Dauren, ambaye hajawahi kuweka kitu kwenye friji, yeye hutoa tu, alisema kosa ni la supu zangu za moto. Na mama mkwe hakuniambia kitu, kwa sababu Mama huwa haniambii kitu mimi, humwambia paka. "Karakoz," anasema, "zamani nyumba hii ilikuwa na wanawake wanaojua kufunga mlango." Paka anajilamba, mimi ndiye ninayeungua.

Sasa nieleze habari ya kifurushi. Kila mwanzo wa baridi tunachinja farasi kwa kushirikiana na majirani, kama watu wote, na Mama hugawa nyama kwa mkono wake, hii ya wazee, hii ya mabinti, hii ya waume wa mabinti, na kabla yeyote hajaonja hutenga nyonga, ile ya heshima, anaifunga kwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu na kuiweka mwenyewe kwenye droo ya juu ya friza, maana magoti yake hayamruhusu kuinama zaidi ya hapo. Hiyo ni sehemu ya Shemeji Mrefu. Jina lake unajua siwezi kulitaja, mila hainiruhusu, niliolewa nikamkuta ni kaka mkubwa wa mume wangu na ni mrefu, nikamwita hivyo, na ndivyo alivyo mpaka leo.

Shemeji Mrefu alihamia Karaganda kwa wakwe zake. Si mji ule ule tu, Mama Kamshat, nyumba ile ile, chini ya paa la baba mkwe wake, anakula meza yao. Siku anaondoka Mama alimwambia mbele ya mashangazi wote: "Haya, nenda ukawe mtoto wa watu. Na siku ukirudi hapa utawekewa kidari, ule pamoja na wakwe wenzako." Kidari! Cha mume wa binti, mtu wa kuja na kuondoka! Kumwekea mwana wa kumzaa ni kumwambia wewe si wetu tena. Shemeji akachukua begi lake, na tangu siku hiyo hawajasemezana. Humpigia simu Dauren, na Mama akisikia sauti yake huzima birika ili asikie vizuri, halafu anasema yeye hakuwa anasikiliza.

Lakini nyonga anatenga kila mwaka. Inakaa humo majira yote ya baridi, na majira ya kuchipua, na kila siku Mama anafungua friza, si mara moja, anaweka kiganja juu ya kile kitambaa, anasimama hivyo utadhani anampima mtoto homa, ndipo anafunga. Juni ikifika Mrefu hajaja, anaichemsha, anawagawia majirani, yeye mwenyewe hali hata kipande.

Basi mwishoni mwa Februari Mama alikwenda Zharkent, mpwa wake amejifungua. Nikasema hapa hapa, nilizima friji barafu iyeyuke, nikahamishia nyama balkonini kwenye beseni, nje si kuna baridi, na nyonga nikaiweka juu kabisa kwa heshima yake. Kumbe siku hiyo jua lilikuwa limetoka, ukuta wa balkoni ukapata joto, nikija kuangalia nyonga imeanza kutoa machozi. Na pale pale mlango ukagongwa. Kaka yangu Sabit, kutoka Usharal, na mkewe, hawakupiga simu, wanapita tu, wamekuja kunijulia hali, na kaka yangu hajakanyaga nyumba hii tangu harusi ya binti yangu. Sasa niambie, atatoka bila kula nyama? Nyama nyingine zote zilikuwa chini ndani ya beseni, ngumu kama mawe. Nikamvuta Dauren jikoni, nikamwambia, "Iliyolainika ni nyonga ya kaka yako tu." Akaniambia, "Kaka yangu yuko Karaganda. Kaka yako yuko sebuleni." Na yeye ndiye aliyewasha jiko, na yeye ndiye aliyejikatia kipande kikubwa. Sabit alikula machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kuheshimiwa hivi na wakwe wa dada yake.

Walipoondoka nikaingiwa na hofu. Nikachukua kidari tulichomtengea mume wa binti yangu, nikakifunga kwa kile kitambaa cha maua ya bluu, nikakiweka pale pale, droo ya juu, mbele. Najua. Usinisemee, najua kidari ni nini. Lakini ndicho kilichokuwa na ukubwa wa kudanganya macho.

Na hapo ndipo maajabu yalipoanza, Mama Kamshat. Barafu haikurudi. Mlango unafunga wenyewe, unasikia umeshika. Mama aliporudi alifungua friza, akaweka kiganja, akasimama, akafunga. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza. Na tangu siku hiyo hafungui tena, akitaka kitu ananituma mimi. Kwa jirani yetu Bibi Zeynep amenisifu nikiwa nasikia: "Mkwe wangu amelitibu friji lililowashinda mafundi." Hata paka amebadilikiwa, siku hizi analala kitandani kwa Mama, juzi nilimsikia akimwambia, "Karakoz, watu walikusingizia bure, wewe si mwizi wa nyama." Nilifurahi kuona amemsamehe.

Halafu wiki iliyopita, mimi nakata vitunguu, Mama akachukua simu mwenyewe. Mwenyewe! Akasema, "Ni mama yako." "Sikukuu ya Nauruzi mtakuja? Njoo na watoto. Sehemu yako ipo, nitaifungua mbele yako. Mkwe wangu ndiye anayeitunza." Na akaniangalia. Nikajikata kidole.

Wanakuja, Mama Kamshat. Wanakuja wote. Atafungua kitambaa mbele ya mwanawe aliyekosana naye kwa neno la kidari, na ndani atakuta kidari. Mrefu atasimama pale pale avae viatu, na safari hii hatarudi, na itakuwa ni mkono wangu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, friji limepona kweli au barafu itarudi, na ilikuwa inaletwa na nini? La pili, Dauren anashauri tulizime friji kabla wageni hawajafika, tuseme liliharibika, nyama ikaoza, nikatupa. Sasa naomba kujua, nyama iliyoganda huchukua muda gani kuoza, ili uongo wetu uwe sahihi?

Tafadhali usichape jina langu. Mama hasomi gazeti, hulitandika tu chini anapokanda unga.

Ni mimi, mkwe wa ghorofa ya tatu, nyumba za nyuma ya soko, Taldikorgan.

*

Mama Kamshat anajibu:

Mkwe wa ghorofa ya tatu,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Umetaja mji, soko, ghorofa, mume, kaka, jirani na paka, kwa hiyo tangu asubuhi hii asiyekujua Taldikorgan ni aliyehamia jana. Lakini jina nimelificha.

Nianze na friji, kwa kuwa ndilo peke yake lisilo na hatia katika barua yako. Halikuwa linaumwa. Gesi ilikuwepo, raba ya zamani pengine ilikuwa nzima, na umeme wa Taldikorgan ni ule ule wanaotumia majirani zako wasio na barafu. Nyonga ya farasi ni mfupa mpana, haulali. Ukiuweka mbele kwenye droo ya juu, droo haiingii mpaka mwisho, inasukuma mlango kwa ndani, na mlango unabaki wazi kiasi cha unene wa ukucha. Wewe unauona umefungwa. Hewa ya jikoni kwako haidanganyiki, inaingia na mvuke wa supu na wa birika, inakutana na baridi, inaganda pale pale inapoingilia. Ndiyo maana barafu yako ilianzia ukingoni mwa mlango, juu. Friji lilikuonyesha kidonda kwa kidole na ninyi mkaenda kuita watu wa gesi. Ongeza mtu anayefungua mlango huo mara kadha wa kadha kwa siku na kusimama mbele yake, mtashangaa barafu? Ikifika Juni nyonga inatoka, mlango unafunga, fundi anasifiwa. Kidari ni bapa, kimelala, droo imeingia. Huo ndio uganga wako wote.

Itarudi ukirudisha sababu. Na hata usiporudisha, acha ushamba wa kisu. Ukuta wa friza una mirija ndani yake, siku utakayoutoboa ndipo utakapomhitaji yule wa gesi kwa kweli. Zima, acha mlango wazi, weka mabakuli ya maji ya moto juu ya taulo, subiri, pangusa, kausha vizuri kabla ya kuwasha, maji utakayoyaacha ndiyo barafu ya kesho. Kile kitufe cha baridi kirudishe katikati, baridi haiogopi baridi. Raba ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kisha fungia kipande cha karatasi mlangoni ukivute, zunguka hivyo pande zote, mahali karatasi inapotoka bila kukataa ndipo panapovuja. Supu ipoe kwanza. Nasikitika kumpa Dauren haki, lakini hapo ana kidogo. Na nyama ukiitoa friza siku ya jua, ifunge kwa blanketi uiweke upande wa kivuli. Umezaliwa nchi hii, hilo nalo nikufundishe mimi?

Swali lako la pili silijibu. Gazeti hili lina ukurasa wa mapishi na ukurasa wa wanyama, halina ukurasa wa kusaidia watu kuozesha nyama kwa hesabu. Mwambie Dauren mtu aliyekula kipande kikubwa hana nafasi kwenye baraza la ushauri.

Sasa kaa chini.

Mwanangu, unaniandikia unaogopa Mama asije akajua. Mwanamke aliyegawa nyama maisha yake yote hahitaji kufungua kitambaa. Anaitambua nyonga kwa kiganja, na kiganja hicho kimeigusa nyonga hiyo kila siku tangu mwanzo wa baridi. Aliporudi kutoka Zharkent akaweka mkono, akasimama, akafunga, alijua. Ndiyo maana hafungui tena. Afungue aguse nini?

Na paka hajasamehewa, kwa sababu paka hakuwahi kushtakiwa. Umekaa nyumba hiyo mpaka umeozesha binti na bado hujui Karakoz anapoambiwa jambo ni nani anayeambiwa? Sifa alizokumwagia mbele ya Bibi Zeynep, ukiwa unasikia, ulizipokea kama zawadi. Na ile simu, aliyoipigia jikoni hasa, wewe ukiwa na kisu na vitunguu, alikuwa anasema na watu wawili kwa pamoja. "Mkwe wangu ndiye anayeitunza." Amekupa siku zote hizi, mwanangu. Wewe umezitumia kuniuliza mimi habari za kuoza.

Nakuona unajiuliza, kama anajua, kwa nini hajapiga kelele, na kwa nini amemwita mwanawe. Mimi sijaingia moyoni mwake. Ila nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Mama huyu alimfukuza mtoto kwa neno moja mbele ya mashangazi, na siku ile ile alipolisema alikuwa halimaanishi, ushahidi ulikuwa kwenye friza yenu. Asingeweza kumwita, ameshasema. Akawa anangoja kwa kutumia nyonga. Ikiwepo, mwana yuko njiani. Akiigusa, yuko njiani. Ulipoipika akabaki mikono mitupu, hana tena cha kungojea nacho, ndipo akachukua simu. Usijipongeze hata kidogo. Hukufanya kwa akili, ulifanya kwa sababu Sabit alikuwa na njaa.

Basi fanya hivi, na ufanye leo.

Kitoe kidari kwenye kile kitambaa, kirudi kwa mume wa binti yako, ndiye mwenyewe. Kitambaa kifue, kikauke, kipige pasi. Usikimbilie sokoni kununua nyonga nyingine ukaifunga humo. Hiyo itakuwa nyonga ya farasi wa watu, na kiganja kile kitajua pia. Nenda kwa Mama akiwa kwenye chai yake ya asubuhi, mkabidhi kitambaa kwa mikono miwili, sema: "Mama, nyonga ya Shemeji nilimpikia kaka yangu. Nikaficha kwa kidari. Nimekosa." Ukishasema, nyamaza. Usilitaje jua, usiwataje mafundi, na Dauren usimtupie, ataadhibiwa kwa njia nyingine. Mama atamgeukia paka. Msikilize paka anachoambiwa mpaka mwisho, kisha mjibu yeye, si paka.

Halafu Dauren aende kutafuta kondoo, mzuri, kwa mfuko wake, na achinje mwenyewe mlangoni siku kaka yake anafika. Mwana aliyerudi hawekewi nyama ya friza, ya friza ni ya kumngojea. Kondoo ana nyonga mbili. Moja mbele ya Mrefu, na Mama aiweke mwenyewe, ninyi wawili msiikaribie sahani hiyo. Ya pili mbele ya Mama. Dauren shingo inamtosha.

Nimalizie na friji, maana ndilo uliloliandikia. Sikukuu itakwisha na Mrefu atarudi Karaganda. Usitegemee vingine, watoto wana shule na yeye ana meza aliyoizoea. Siku atakapoondoka, Mama atakitafuta kile kitambaa cha maua ya bluu, na mwanzo wa baridi atatenga nyonga nyingine na kuiweka droo ya juu, mbele, pale pale magoti yanapomfikisha. Utamwambia kwa adabu kwamba droo ya chini ni pana zaidi, na kwamba utakuwa unamtolea kila anapotaka kuigusa. Akikubali, vizuri. Akikataa, mwache. Mlango hautashika, barafu itaota, utazima, utaweka mabakuli ya maji ya moto, utapangusa, utawasha, na baada ya muda utafanya tena.

Na mtu akikuuliza friji hilo lina nini, sema ni la zamani.